Boda Haishiki: Kufuata Moto Kutoka Plagi Hadi Magneto

Mwezi wa nne, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, pita steji yoyote ya Nairobi kabla jua halijatoka na utamkuta mmoja amesimama juu ya kiki. Anapiga, anapumzika, anapiga tena. Wenzake wamemzunguka, kila mmoja na jibu lake. Jasho halijamkauka, mtu ameshasema: "Hiyo ni CDI, boss. Nenda Grogan ulete nyingine." CDI ni kile kisanduku kinachotuma moto kwenye plagi, na Grogan ni soko letu la spea.

Mimi pia nimekuwa mtu huyo. Mwaka wangu wa kwanza gereji nilimnunulisha mteja CDI mbili kwa siku moja, ya pili kwa sababu niliamini ya kwanza ilitoka dukani ikiwa mbovu. Saa kumi jioni fundi mkubwa akainua tangi, akavuta waya mmoja uliosagwa na mguu wa tangi hadi shaba ikaonekana, akaufunga tepu. Pikipiki ikashika kwa kiki moja. Mteja hakunitukana. Alizitia zile CDI mfukoni, akanitazama, akaondoka. Kuzirudisha hakungewezekana, kwa sababu kila duka la spea pale Grogan, Kirinyaga Road, limebandika karatasi ile ile ukutani: vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi.

Tangu siku hiyo naanzia pale moto unapoishia, yaani kwenye plagi, halafu narudi nyuma kidogo kidogo kuelekea unakotoka. CDI naiacha ya mwisho kabisa.

Maelezo haya ni ya pikipiki za silinda moja zenye kabureta, cc 100 hadi 150, ambazo ndizo zimejaa barabarani. Kama yako ina injeksheni, yaani ina pampu ya mafuta ndani ya tangi na taa ya injini kwenye dashibodi, sehemu za plagi, betri na nyaya zitakufaa, lakini ubongo wake ni mwingine na unapimwa kwa njia nyingine.

Moto unavyosafiri

Ukipiga kiki, sumaku zilizo ndani ya gurudumu la magneto zinazunguka koili na kuzalisha umeme. Umeme huo unafika kwenye CDI, kile kisanduku cheusi chini ya kiti au ubavuni, ambamo kapasita inaukusanya hadi volti 200, 300 au zaidi. Karibu na gurudumu kuna koili nyingine ndogo, pulsa. Kazi yake ni moja tu: nundu ya chuma iliyo juu ya gurudumu ikipita mbele yake, inaipigia CDI mluzi. CDI inausukuma umeme wote kwa mkupuo mmoja hadi kwenye koili ya plagi, na koili hiyo inaupandisha hadi makumi ya maelfu ya volti. Hapo ndipo cheche inaruka kwenye plagi. Mpango huo huo unaendesha misumeno ya kukatia miti, injini nyingi za boti kule Ziwa Victoria, na hata pikipiki zile za kutelezea kwenye theluji huko Kanada, kwa hiyo ukiuelewa hapa umeuelewa na kwingine.

Kuna jambo moja lazima ulijue kabla hujagusa chochote: CDI yako inakula umeme kutoka wapi? Zipo za magneto, zinazolishwa moja kwa moja na koili iliyo ndani ya injini. Hizi hushika kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa. Na zipo za betri, zinazotaka volti 12 kutoka kwenye betri kupitia swichi ya ufunguo. Hizi, betri ikilala, utapiga kiki hadi goti lilie. Pikipiki ikiwa tayari imegoma huwezi kuijaribu, basi muulize mwenyewe: "Siku betri ilipokufa, kiki ilishika?" Jibu lake litakuokolea saa nzima.

Kabla ya spana

Mafuta yamo? Bomba la tangi limefunguliwa? Swichi nyekundu ya kuzimia imewashwa, au kuna mtoto aliyeichezea usiku? Unacheka, lakini nimeshalipwa kwa kubonyeza swichi hiyo.

Swali la pili ni la Nairobi yetu. Kama pikipiki ni ya mkopo, karibu kila mara ina kifaa cha kuifuatilia kilichofichwa chini ya kiti, na mara nyingi kifaa hicho kina relei inayoweza kukata moto kwa mbali. Muulize dereva taratibu, bila kumwaibisha mbele ya watu, kama malipo yamefika. Nimeshuhudia mafundi wawili wakifungua injini ya pikipiki ambayo haikuwa na ugonjwa wowote ila deni la siku tatu. Hata deni likiwa limelipwa, relei yenyewe inaweza kuharibika au kuingia maji. Hapo wapigie wenye kifaa waje, usikate nyaya zao, maana mkataba wa mkopo una maneno kuhusu hilo.

Sasa piga kiki kama kumi, kisha toa plagi uitazame. Ikiwa imelowa mafuta, mafuta yanafika na kinachokosekana ni moto: endelea kusoma. Ikiwa kavu kabisa, shida huenda iko kwenye kabureta au bomba, na kupima umeme kutakuchosha bure.

Vifaa ni vichache. Spana ya plagi (ya 18 kwa plagi za aina ya D8EA, ya 16 kwa zile nyembamba za C7HSA), plagi moja unayoijua ni nzima, msasa laini, tepu ya umeme, fila ya kupimia nafasi, na mita. Mita ya bei ndogo, ile ya plastiki ya manjano, inatosha. Ila ijue tabia yake: iweke kwenye omu 200, gusanisha ncha zake mbili, na utaona haisomi sifuri bali 0.3 au 0.5. Namba hiyo itoe kwenye kila kipimo kidogo utakachochukua. Na ukiona "1" peke yake upande wa kushoto wa kioo, hiyo si omu moja. Maana yake njia imekatika, au kipimo kimezidi uwezo wa pale ulipoiweka. Kijana wangu mmoja alitupa koili tatu nzima, na kuiacha mbovu moja, kwa kutojua hilo.

Umeme wa koili ya plagi unauma vibaya, na mwenye shida ya moyo au kifaa cha moyo asiukaribie. Usijaribu cheche mahali penye mafuta yaliyomwagika au kabureta iliyofunguliwa. Shikilia plagi kwa koleo lenye mpira, na kila mara iguse chuma cha injini. Ukizungusha injini huku waya wa plagi ukining'inia hewani, umeme unakosa pa kwenda na unaweza kutoboa koili au CDI yenyewe.

Hatua ya kwanza: plagi, na cheche inayodanganya

Tazama rangi ya ncha. Kahawia ya chai ya maziwa ni njema. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi kuliko hewa, na hapa Nairobi hilo lina sababu yake: tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa kwa miji ya chini inamwaga mafuta zaidi ya hewa iliyopo. Masizi hupitisha umeme. Cheche, badala ya kuruka pengo, inateremka kwenye masizi hadi kwenye chuma. Meusi yenye mafuta ya injini ni ringi au sili za valvu, na hilo ni somo lingine.

Pima pengo kwa fila: milimita 0.6 hadi 0.7 kwa nyingi ya injini hizi. Kauri ikiwa na ufa mwembamba kama unywele, tupa plagi. Usiisugue kwa brashi ya waya ukaamini umeitengeneza, kwa sababu chembe za chuma hubaki kwenye kauri na kuwa njia mpya ya umeme kutorokea.

Halafu lile jaribio linalojulikana na kila mtu: plagi kwenye kofia yake, chuma cha plagi kimelala kwenye fini za silinda (yale mapezi ya kuipoza), washa ufunguo, piga kiki, tazama. Cheche ikitokea, umati unashangilia na kusema umeme ni mzima. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Ndani ya silinda hewa imebanwa mara nyingi zaidi ya hii ya nje, na cheche inahitaji nguvu kubwa zaidi kuruka pengo lile lile. Koili iliyochoka itatoa cheche nzuri mkononi mwako na kunyamaza ndani ya injini.

Kwa hiyo mimi nina plagi yangu ya uchunguzi. Ni plagi kuukuu niliyoikata ule mguu wa pembeni, ili cheche ilazimike kuruka kutoka ncha ya katikati hadi kwenye ukingo wa chuma. Cheche ikiruka pengo la milimita 5 au 6, ikiwa ya bluu na ikilia "tak! tak!" kama mtu anayevunja njiti kavu, mfumo wote uko sawa na ulichohitaji ni plagi mpya. Ikiwa ya rangi ya machungwa, nyembamba, ikiruka kiki moja na kukosa mbili, endelea hatua ya pili. Isipotokea kabisa, endelea pia, lakini sasa unajua unatafuta mkato na si uchovu. Fanya jaribio hili kwenye kivuli. Jua la saa saba linaficha hata cheche nzuri.

Hatua ya pili: kofia ya plagi na waya wake

Kama pikipiki iligoma baada ya mvua, au baada ya kuoshwa kwa ile mashine ya maji ya nguvu, anzia hapa kabla hata ya plagi. Chomoa kofia, kung'uta maji, kausha kwa kitambaa. Mara nyingi kazi inaishia hapo. Usikubali muosha pikipiki aelekeze bomba kwenye plagi, kwenye swichi za usukani wala chini ya kiti.

Kofia hufungwa kwenye waya kama skrubu. Izungushe kinyume cha saa itoke. Ndani utaona ncha ya waya. Ikiwa ya kijani au imeoza, kata milimita tano hivi hadi upate shaba safi, kisha rudisha kofia ukiisokota hadi ikamate. Nyingi ya kofia hizi zina kizuizi ndani chenye kilo-omu 5. Pima kutoka upande wa waya hadi upande wa plagi: ikisoma karibu na 5, nzuri. Ikisoma 20, au "1" hata ukipandisha kipimo, umeshapata mwizi, na kofia ni spea rahisi kuliko zote nitakazotaja.

Ujanja wa usiku: zima taa za gereji, mtu apige kiki, wewe tazama waya wa plagi kwa urefu wake wote. Penye ufa utaona mwanga mdogo wa zambarau ukicheza kati ya waya na tangi au fremu. Mchana hauuoni, lakini mchana kutwa unaiba moto wako.

Hatua ya tatu: iondoe swichi kwenye hesabu

Kama ningeambiwa nibaki na kipimo kimoja tu, ningebaki na hiki.

Kwenye CDI ya magneto, kuzima injini ni kuunganisha waya wa kuzimia na athi, yaani chuma cha pikipiki (usitafute Athi River, mafundi ndivyo tunavyoita waya wa ardhi). Waya huo ukikatwa, injini inabaki hai. Sasa fikiria: swichi ya ufunguo imeingia maji, au waya wa kuzimia umechubuka kwenye shingo ya usukani na kugusa fremu. CDI inadhani umezima. Hakuna cheche, na kila kitu kingine ni kizima.

Chomoa waya wa kuzimia pale kwenye soketi ya CDI na upige kiki. Kwenye pikipiki za familia ya Honda CG na nakala zake za Kichina zenye CDI ya pini tano, waya huo kwa kawaida ni mweusi wenye mstari mweupe. Mweusi wenye mstari mwekundu unaleta umeme wa magneto, bluu na mweupe unatoka kwa pulsa, mweusi na manjano unakwenda koili ya plagi, na kijani ni athi. Pikipiki za Kihindi zina mpangilio wao wa rangi, kwa hiyo usiibebe orodha hii kwenda kwenye pikipiki nyingine bila mchoro wake. Na pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi wanne inaweza kuwa na waya wa redio ya zamani mahali popote.

Cheche ikirudi baada ya kuchomoa, CDI na magneto ni nzima. Tafuta swichi: fungua ile nyekundu kwenye usukani, kausha, safisha kwa msasa laini. Kisha geuza usukani kushoto na kulia huku mita ikiwa kwenye mlio, ncha moja kwenye waya wa kuzimia na nyingine kwenye athi. Ukisikia mlio unapogeuza kushoto tu, waya umechubuka shingoni.

Kumbuka kuurudisha. Usipofanya hivyo injini haitazimika kwa ufunguo, na mteja atarudi akiwa amekasirika kuliko alivyoondoka.

Kwenye CDI ya betri mambo ni kinyume. Kuzima ni kukata zile volti 12. Hapo, ufunguo ukiwa umewashwa, weka mita kwenye DC 20, ncha nyeusi kwenye athi, nyekundu kwenye waya unaolisha CDI. Unataka karibu volti zile zile za betri. Ukipata 12.5 kwenye betri na 9 kwenye CDI, zile tatu na nusu zimepotea kwenye fyuzi yenye kutu, soketi iliyoungua au swichi ya ufunguo. Rudi nyuma soketi moja moja hadi namba iruke.

Hatua ya nne: athi

Hii ni fupi lakini usiiruke. Weka ncha nyekundu ya mita kwenye chuma safi cha injini na nyeusi kwenye hasi ya betri, mita ikiwa DC. Washa taa, bonyeza stata. Usomaji ukizidi volti 0.3 hivi, athi haishiki vizuri. Fungua bolti ya waya wa athi, futa rangi na kutu hadi chuma king'ae, funga kwa nguvu, paka grisi kidogo juu. Pikipiki iliyopakwa rangi upya kwa ajili ya kuuzwa huwa na ugonjwa huu, kwa sababu aliyepaka hakukumbuka kukwangua chini ya bolti.

Hatua ya tano: kupima koili bila kufungua injini

Nyaya za magneto hutoka upande wa kushoto wa injini na kupanda hadi kwenye soketi ya plastiki karibu na CDI. Ichomoe. Vipimo vyote unachukua hapo, hakuna haja ya kumwaga oili.

Pulsa kwenye injini hizi huwa kati ya omu 100 na 250 hivi. Koili inayolisha CDI, kama yako ni ya magneto, huwa omu mia kadhaa. Koili ya plagi ina pande mbili: upande wa kuingilia ni chini ya omu moja au zaidi kidogo (hapa ndipo ile 0.3 au 0.5 ya mita inakudanganya), na upande wa waya mnene ni kilo-omu kadhaa kofia ikiwa imetolewa. Namba kamili ziko kwenye kitabu cha modeli yako. Usipokuwa nacho, pima pikipiki nzima ya mwenzako wa aina ile ile na ulinganishe. Hiyo ni bora kuliko namba yoyote utakayosomewa na mtu.

Pima pia kila waya wa koili hadi kwenye chuma cha injini: ukiona namba badala ya "1", huenda waya unagusa chuma. Usisahau kwamba baadhi ya koili zimefungwa athi kwa makusudi upande mmoja, kwa hiyo tazama mchoro kabla ya kulia.

Mita ya kawaida haiwezi kukuonyesha mkupuo wa volti unaotoka kwenye CDI, ni wa haraka mno. Ukiona namba zikirukaruka ovyo ukijaribu, usizitafsiri.

Vipimo vikiwa vizuri lakini injini inapiga mlipuko kwenye ekzosi na kiki inarudisha mguu wako kwa hasira, shuku ule ufunguo mdogo wa chuma unaoshikilia gurudumu la magneto kwenye shafti. Ukikatika, gurudumu linateleza, cheche inakuja wakati usio wake. Hapo ndipo inabidi kufungua, na gurudumu hutolewa kwa pula yake, kifaa cha kulivuta. Anayelipiga nyundo anapasua sumaku.

Hatua ya sita: sasa CDI

Umefika hapa: plagi mpya, kofia nzima, waya wa kuzimia umetolewa au volti 12 zipo, athi safi, koili zote zimesoma vizuri, na bado hakuna cheche. Sasa una haki ya kuishuku CDI. Azima ya mwenzako wa modeli ile ile kwa dakika mbili kabla ya kununua. Idadi ya pini kulingana haitoshi: CDI ya magneto na ya betri zinaweza kuingia kwenye soketi moja, na ukikosea unaweza kuunguza ile ya kuazima. Linganisha namba iliyochapwa mgongoni.

Inazima ikipata moto

Huu ndio ugonjwa unaowafukarisha watu. Pikipiki inatoka Uthiru ikiwa safi, ikifika Westlands inazima kama umefunga swichi. Unasubiri dakika ishirini, inashika, unasema imepona. Kesho yake ni vile vile.

Ikizima, jambo la kwanza ni kufungua kifuniko cha tangi. Ukisikia "fssss" na pikipiki ikashika baada ya muda mfupi, tundu la hewa la kifuniko limeziba na umeme hauna kosa. Kama siyo hilo, jaribu cheche hapo hapo barabarani, ikiwa bado ya moto, kwa ile plagi ya uchunguzi ambayo sasa unaibeba kwenye boksi. Ikifika gereji ikiwa baridi imeshaficha ushahidi.

Waya ndani ya pulsa au koili unaweza kuwa na mkato unaofunguka kwa joto. Pima ikiwa baridi, andika namba. Pima tena ikiwa ya moto. Kupanda kwa robo hivi ni tabia ya shaba. Kuruka hadi "1" ndiyo jibu. Ukitaka kuharakisha koili ya plagi, azima blodraya kwenye saluni ya jirani na uipulizie dakika kadhaa huku mita imeunganishwa. Mama wa saluni pale kwetu alinizoea hadi akawa ananiuliza leo tunakausha nywele za nani.

Betri, chaji na stata

Betri iliyopumzika usiku: volti 12.6 na zaidi imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 ina njaa, na 10.5 huenda seli moja imekufa. Washa injini, pandisha mwendo wa kati, pima tena kwenye ncha za betri. Unataka kati ya 13.5 na 14.8. Ikibaki 12 na kitu haichaji: angalia soketi ya rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa magneto uchaji betri) kwanza, nyingi huungua pini moja na plastiki yake inakuwa ya kahawia. Ikipita 15, rektifaya imeachia, au athi yake imekatika, na ndiyo sababu unabadilisha balbu kila wiki na betri inatoa harufu ya mayai viza.

Stata ikilia "tik" bila kuzunguka, betri ni dhaifu au ncha zake zina unga mweupe. Zioshe ncha kwa maji ya moto, zifunge vizuri, jaribu. Isipolia kabisa, bana klachi, inua stendi, jaribu tena, kwa maana baadhi ya modeli zina swichi pale. Stata ikizunguka kwa uchovu na CDI ni ya betri, volti zinaweza kushuka chini ya 10 wakati huo na cheche ikafa njaa. Ndiyo maana pikipiki nyingine inakataa stata lakini inashika ikisukumwa.

Nyaya za kuongeza

Chaja ya simu, taa za rangi chini ya mudigadi, honi ya lori, alamu, redio. Sikatazi, kazi ya boda ni ndefu na usiku wa Mombasa Road unahitaji taa. Ninachokataa ni kuunga waya kwa kuusokota juu ya waya wa CDI kwa sababu "pale pana moto". Chukua umeme kwenye betri moja kwa moja, kila kitu na fyuzi yake karibu na betri, na honi kubwa iende kwa relei.

Fyuzi ikiungua weka ya ampia zile zile. Karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara haiungui, na hapo ndipo hatari ilipo: kinachoungua badala yake ni nyaya zote chini ya tangi, abiria akiwa ameketi juu yake.

Ukimaliza, kabla ya kurudisha tangi, zipitishe nyaya mahali pake pa zamani na uzifunge kwa zipu, mbali na bolti na fini za injini. Shusha tangi polepole, ingiza kidole chini yake uhakikishe halijalalia waya. Kisha geuza kiti, na kwa kalamu ya maki andika pale chini tarehe na namba ulizopima: pulsa, koili, chaji.